Maumivu ya ghafla na maumivu ya kudumu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo yanayorudiwa kwenye kemisti, zahanati na kliniki kuanzia Nakuru hadi Kisumu, Kakamega na Busia. Vipimo vya dawa ni vya mtu mzima isipokuwa pale tulipotaja mtoto. Ukiwa na haraka, soma kwanza swali la 4 na la 9.

## Mambo ya msingi

1. Maumivu ni nini, kwa wanaoyachunguza?

Chama cha Kimataifa cha Utafiti wa Maumivu, IASP, kilitoa maelezo yake mwaka 1979 na kuyarekebisha mwaka 2020. Kwa ufupi yanasema hivi: maumivu ni hisia mbaya ya mwili na ya moyo, inayokuja na kuumia kwa sehemu ya mwili au inayofanana na ile ya kuumia. Kwa hiyo mtu anaweza kuumwa kikweli pasipo jeraha linaloonekana. Maelezo hayo yanaongeza kwamba anachosema mgonjwa kuhusu maumivu yake kiheshimiwe, na kwamba asiyeweza kusema, kama mtoto mchanga au mzee aliyepooza, huumwa vilevile.

2. Yanaanza lini kuitwa ya kudumu?

Yakipita miezi 3, yawe ya kila siku au ya kuja na kurudi. Toleo la 11 la orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani (WHO), lililoanza kutumika Januari 2022, limeyapa maumivu ya kudumu nafasi yake yenyewe. Kabla ya hapo yalihesabiwa kama dalili ya ugonjwa mwingine, na usipopatikana ugonjwa huo, mgonjwa alirudishwa nyumbani.

3. Kidonda kimepona, mbona bado naumwa?

Ukijigonga kidole cha mguu kwenye kitanda, unasikia mdungo mkali mara moja, halafu baada ya kitambo yanafuata maumivu mazito ya kupwita. Hizo ni neva za aina mbili. Nyuzi nene husafirisha habari kwa mita 5 hadi 30 kwa sekunde. Nyembamba hazizidi mita 2 hivi kwa sekunde. Zote huingia kwenye uti wa mgongo, na hapo habari haipitishwi tu kama ilivyo. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba uti wa mgongo una kitu kama lango: mguso wa kawaida unaweza kulifunga kidogo, na ubongo nao unaweza kulifunga au kulifungua kutoka juu. Ndiyo maana mkono wako hukimbilia kusugua palipogongwa kabla hata hujafikiri.

Mwaka 1983 Clifford Woolf alionyesha jambo la pili. Habari za maumivu zikimiminika kwa nguvu, seli za uti wa mgongo zenyewe hubadilika na kuwa nyepesi kuhisi kupita kiasi. Ni kama spika za matanga zilizofunguliwa hadi mwisho: anayeongea kwa sauti ya kawaida anasikika kijiji cha pili. Shuka ikigusa ngozi inauma, na eneo linalouma linapanuka kupita pale palipoumia. Hali hiyo kwa kawaida hutulia yenyewe. Kwa baadhi ya watu haitulii, na hapo tatizo si kidonda tena, ni mfumo wa neva.

4. Dawa gani ndiyo kali zaidi?

Swali hili linaulizwa kuliko yote, na linawapoteza wengi. Aina ya maumivu ndiyo inayochagua dawa, na ukali wake unakuja baadaye. Dawa kali ya aina isiyo yako haitakusaidia, hata ukiiongeza mara tatu. Aina ni tatu, na mara nyingi maneno ya mgonjwa mwenyewe yanatosha kuzitambua.

Ya kwanza ni ya kuumia kwa mwili: jino, mfupa uliovunjika, goti lililovimba, jeraha la upasuaji. Mgonjwa anaonyesha mahali kwa kidole na kusema panauma, panapwita, panakata nikisogea. Parasetamoli, ibuprofeni na, yakiwa makali sana, mofini hufanya kazi hapa.

Ya pili ni ya neva iliyoharibika. Maneno yake ni kuchoma kama moto, shoti ya stima, sindano sindano, wadudu wanatembea, kufa ganzi lakini bado panauma. Parasetamoli haigusi haya (swali la 13).

Ya tatu ni ya mfumo wa neva uliokuwa mwepesi, kama ilivyoelezwa katika swali la 3. Yanazunguka mwili, yanakuja na uchovu na usingizi usioshiba, na vipimo vyote vinatoka safi. Mazoezi, usingizi na dawa za kutuliza neva ndizo silaha, mofini huyazidisha. Aina mbili zinaweza kukaa kwa mtu mmoja, kama goti bovu la miaka 10 ambalo sasa maumivu yake yamesambaa hadi paja na kiuno.

5. Daktari amesema X-ray iko sawa. Ana maana najifanya?

Asimaanishe hivyo. X-ray inaonyesha mifupa. Haionyeshi neva, wala wepesi wa uti wa mgongo. Na kinyume chake pia ni kweli: picha inaweza kuonyesha ubovu mahali pasipouma kabisa. Takwimu ziko kwenye swali la 12.

6. Maumivu yanapimwaje, na hakuna mashine?

Kwa kuuliza. Mtu mzima hupewa namba kati ya 0 na 10. Asiyezoea namba hutumia mkono: ngumi iliyofungwa ni hakuna maumivu, vidole vyote vitano ni mabaya kuliko yote. Watoto kuanzia umri wa miaka 3 hivi huchagua kati ya nyuso zilizochorwa. Kwa mchanga tunaangalia uso, miguu, kilio na kama anabembelezeka.

Kwa maumivu ya kudumu namba peke yake haina faida kubwa. Uliza pia ameweza nini wiki hii: kulala saa ngapi, kufika sokoni, kuinama kufagia. Namba inaweza kubaki 6 huku mtu amerudi shambani, na hayo ni mafanikio.

## Maumivu ya ghafla

7. Nianze na nini nyumbani?

Parasetamoli (Panadol ni jina mojawapo) miligramu 1,000, yaani vidonge 2 vya 500, kila baada ya saa 6. Usizidishe miligramu 4,000 kwa saa 24. Mwenye uzito chini ya kilo 50, mwenye ini bovu au mnywaji wa kila siku apunguze. Wengi wao hawafai kuzidi 2,000. Isipotosha, ongeza ibuprofeni (Brufen) 400 mara 3 kwa siku baada ya chakula, kwa siku chache. Zikienda pamoja hushinda yoyote ikiwa peke yake, kwa kuwa kila moja ina njia yake.

Makosa yanayojirudia ni manne. Mtu anameza kidonge kimoja cha 500 na kusema parasetamoli haifanyi kazi. Kipimo kilikuwa nusu. Mwingine anangoja maumivu yafike kileleni ndipo ameze, badala ya kumeza kwa saa katika siku 2 za kwanza. Wa tatu anachanganya vidonge vya dukani bila kusoma: vingi vya maumivu ya kichwa vina aspirini, parasetamoli na kafeini ndani ya kimoja, kwa hiyo parasetamoli inaingia mara mbili. Wa nne anatumia ibuprofeni pamoja na diklofenaki. Hizo ni ndugu. Zikikutana madhara yanaongezeka, nafuu haiongezeki.

Usitumie ibuprofeni wala diklofenaki kama una vidonda vya tumbo, figo dhaifu, ugonjwa wa moyo, au mimba iliyopita wiki 20. Kuwa mwangalifu zaidi ukiwa kwenye dawa za presha kama enalapril au losartan pamoja na dawa ya kukojoza: zote tatu pamoja, hasa ukiwa umeharisha au umeshinda juani bila maji, zinaweza kuangusha figo kwa siku chache.

8. Si heri sindano? Kidonge kinachelewa.

Sindano ya diklofenaki inaanza mapema kidogo. Baada ya saa moja hivi tofauti huwa ndogo, na madhara kwa tumbo na figo ni yale yale, kwa sababu dawa huyafikia kupitia damu. Ina mahali pake: mgonjwa anayetapika, au mwenye jiwe la figo anayegaagaa sakafuni. Kwa mgongo wa kawaida ni gharama ya bure, na sindano iliyochomwa vibaya kwenye tako inaweza kugonga neva kubwa ya mguu na kuacha mguu unaoburuta. Kama ni lazima, sehemu salama ya tako ni robo ya juu upande wa nje. Ukimwona mtu wa kemisti analenga katikati, inuka uondoke.

9. Maumivu gani hayangojewi nyumbani?

Kifua kinachobana na kupanda kwenye mkono au taya, pamoja na jasho. Kichwa kilicholipuka ghafla kuliko wakati wowote, au kinachouma pamoja na homa na shingo ngumu. Tumbo gumu kama ubao. Tumbo la chini kwa mwanamke aliyekosa hedhi, akivuja damu au akizimia. Korodani iliyoanza kuuma ghafla, hasa kwa kijana: baada ya saa 6 uwezekano wa kuiokoa unashuka haraka. Mgongo pamoja na kushindwa kukojoa au ganzi sehemu za siri. Kigimbi cha mguu mmoja kilichovimba.

Na moja linalopuuzwa sana baada ya ajali za boda boda: mguu uliofungwa plasta ambao unazidi kuuma licha ya dawa, na ukinyooshwa vidole unapiga kelele. Misuli inabanwa na kukosa damu. Rudi hospitali usiku huo huo plasta ipasuliwe. Ukisubiri hadi asubuhi unaweza kupoteza mguu.

10. Mtoto wangu nimpe kiasi gani?

Hesabu kwa uzito: miligramu 15 za parasetamoli kwa kila kilo, kila saa 6, si zaidi ya mara 4 kwa siku. Mtoto wa kilo 12 anahitaji 12 mara 15, yaani miligramu 180. Dawa ya maji iliyo nyingi huku ni ya miligramu 120 katika mililita 5, kwa hiyo ni mililita 7.5. Soma chupa kwanza, kwa kuwa ipo pia ya 250 katika mililita 5, na kipimo kile kile cha kijiko kinakuwa zaidi ya mara mbili. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano. Vijiko vya chai vya nyumbani havilingani. Aspirini asipewe. Wakati wa chanjo, mnyonyeshe kabla, katikati na baada: kunyonya kunapunguza maumivu.

Hadi miaka ya 1980 watoto wachanga walifanyiwa upasuaji mahali pengi duniani bila dawa ya kutosha, kwa imani kwamba neva zao hazijakomaa. Utafiti wa Kanwaljeet Anand na wenzake mwaka 1987 ulionyesha kwamba waliopewa dawa ya maumivu walipata matatizo machache zaidi baada ya upasuaji.

11. Mwenye sikoseli ameshikwa na mifupa. Tufanyeje?

Kandokando ya ziwa na kupanda hadi Kakamega na Bungoma, seli mundu ni ugonjwa wa kawaida majumbani, lakini bado wagonjwa wanaambiwa wanazoea dawa. Chembe za damu zinainama na kuziba mishipa midogo. Mfupa unakosa hewa. Maumivu hayo yanaweza kulingana na ya kuvunjika.

Mpe maji mengi, mfunike apate joto, mpe parasetamoli kamili na, kama figo zake ni nzima, ibuprofeni. Usiweke barafu, kwani baridi hufunga mishipa zaidi. Yasipotulia ndani ya saa chache, nenda hospitali. Makali yanahitaji mofini, na ipewe mapema. Pethidini iepukwe, kwa sababu inabaki na sumu inayoweza kuleta degedege. Homa ya 38.5 au zaidi, kifua na pumzi fupi, udhaifu wa upande mmoja, wengu lililovimba ghafla, au uume uliosimama kwa saa 4: hayo hayangoji.

Kati ya shambulio na shambulio, uliza kuhusu haidroksiyurea. Utafiti uitwao REACH, uliochapishwa mwaka 2019, ulifuatilia watoto zaidi ya 600 katika Angola, Kongo, Uganda na Kilifi hapa kwetu. Waliotumia dawa hiyo kila siku walipata mashambulio machache, malaria chache na vifo vichache. Anayeitumia hupimwa damu mara kwa mara, maana ikizidi hushusha chembe nyeupe.

## Maumivu ya kudumu

12. Mgongo unaniuma tangu mwaka jana. Nipigwe MRI?

Mara nyingi hapana. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yalikusanya picha za watu wasioumwa mgongo hata kidogo: waliokuwa na diski zilizochakaa walikuwa asilimia 37 kwenye umri wa miaka 20, na asilimia 96 kwenye miaka 80. Ripoti inayosema "diski imechakaa" inaweza kuwa inakuambia umri wako tu. Picha inahitajika kukiwa na dalili za swali la 9, homa ya usiku, kukonda, saratani ya zamani, mguu unaozidi kulegea, au uti unaopinda. Huku kwetu TB ya uti wa mgongo bado ipo. Mgongo unaouma usiku pamoja na jasho na kukonda si wa kukanda.

Uliobaki, ambao ni mwingi sana, unatibiwa kwa kutembea. Mwaka 2024 utafiti wa Australia wa watu 701 waliokuwa wamepona mgongo ulionyesha kwamba mpango wa kutembea, unaoongezwa polepole hadi dakika 30 mara 5 kwa wiki, ulichelewesha kurudi kwa maumivu: siku 208 kwa mtu wa katikati, dhidi ya siku 112 kwa wasiopewa mpango. Mwongozo wa WHO wa Desemba 2023 unakubali mazoezi, elimu, tiba ya kisaikolojia na dawa za jamii ya ibuprofeni. Unakataa mikanda ya mgongo, kuvuta mgongo kwa vitu vizito, na dawa za jamii ya mofini. Mikanda ile inayouzwa stendi ya basi, kwa hiyo, ibaki stendi.

Jinsi ya kurudi shambani: pima siku mbaya unaweza kulima dakika ngapi kabla maumivu hayajapanda. Tuseme ni 15. Anza na 12 kila siku, iwe siku nzuri au mbaya, kisha pumzika au badilisha kazi, na ongeza kama dakika 1 kila wiki. Kosa kubwa ni lile la siku nzuri: mtu anamaliza shamba lote Jumamosi kisha analala hadi Jumatano, na mfumo wa neva unajifunza kwamba jembe ni hatari. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20. Beba miwili ya lita 10, mmoja kila mkono. Mkata miwa wa Muhoroni na mfungaji maua wa Naivasha hawawezi kuchagua saa zao, lakini wanaweza kubadilisha mkono, kimo cha meza, na mara ya kunyooka. Dakika moja ya kunyooka kila nusu saa ina faida kuliko saa nzima ya kulala jioni.

Parasetamoli peke yake? Katika utafiti wa mwaka 2014 wa watu 1,652 wenye mgongo wa ghafla haikuharakisha kupona kuliko kidonge kisicho na dawa.

13. Nyayo zinachoma usiku mpaka natoa miguu nje ya shuka. Ni nini?

Uwezekano mkubwa ni neva ndefu za miguu zimeharibika. Sababu kubwa hapa ni kisukari, virusi vya UKIMWI vyenyewe, dawa za zamani kama stavudini (iliyoondolewa, lakini athari yake imebaki kwa waliotumia), pombe, na isoniazidi ya kukinga TB ikitumiwa bila vitamini B6. Kipimo cha B6 ni miligramu 25 kwa siku. Ukiona umepewa isoniazidi bila hiyo, uliza. Aliyetumia metformin miaka mingi apimwe vitamini B12.

Dawa iliyo rahisi kupatikana ni amitriptilini. Anza na miligramu 10, au 25 kama huna ya 10, saa 2 kabla ya kulala, na ongeza polepole kila wiki. Hiyo ni dawa ya zamani ya huzuni, ila hupewi kwa sababu una huzuni. Kwa kipimo hiki kidogo inaimarisha njia za ubongo zinazofunga lile lango la swali la 3. Wengi huiacha siku ya 4 kwa sababu mdomo umekauka na nafuu haijaonekana. Ipe wiki 4 hadi 6. Ukweli usiofichwa ni kwamba takriban mtu 1 kati ya 4 au 5 ndiye anayepata nafuu kubwa kwa sababu ya dawa yenyewe. Isipofaa, kuna gabapentini. Mwenye presha ya macho, moyo unaoruka mapigo, au mzee anayekojoa kwa shida asianze bila daktari.

Kagua nyayo kila jioni, na vidole katikati. Mguu wenye ganzi hautakuambia kwamba umekanyaga msumari.

14. Mkanda wa jeshi umekauka lakini panachoma.

Ni neva iliyoachwa na kovu. Tibu kama swali la 13. Anayeanza kupata malengelenge leo awahi: asiklovia miligramu 800 mara 5 kwa siku kwa siku 7 inafaa zaidi ikianza ndani ya saa 72. Apime pia VVU.

15. Nameza dawa ya kichwa karibu kila siku. Sasa kichwa hakiachi.

Dawa yenyewe inaweza kuwa imekuwa chanzo. Kipimo ni hiki kwa mwenye kichwa cha mara kwa mara: dawa za kawaida siku 15 au zaidi kwa mwezi, au za mchanganyiko, kodeini na tramadoli siku 10 au zaidi, kwa zaidi ya miezi 3. Tiba ni kuziacha. Siku 2 hadi 10 za kwanza kichwa kitazidi, basi chagua wiki isiyo na kazi nzito, na mwambie wa nyumbani kwako. Aliyekuwa kwenye kodeini au tramadoli apunguze kwa mpango wa daktari, asikate ghafla.

16. Mguu ulikatwa baada ya ajali, na vidole visivyokuwepo vinauma.

Ubongo bado una ramani ya mguu. Huyo si mwendawazimu, na wala mguu haukuzikwa vibaya. Dawa ni za swali la 13, pamoja na kioo: kioo kirefu kinasimamishwa katikati ya miguu, mgonjwa anatazama taswira ya mguu mzima huku akiusogeza taratibu, dakika 15 kila siku kwa wiki 4. Wengine hupata nafuu, wengine hawapati. Gharama ni kioo. Kigutu chenyewe kikiuma ukikigonga sehemu moja, huenda kuna fundo la neva au kiungo bandia hakikai vizuri. Hilo ni la fundi wa viungo na daktari wa upasuaji.

## Mofini na jamaa zake

17. Mofini si ya wanaokufa tu?

Ni ya maumivu makali: ya kuungua, upasuaji, sikoseli, saratani katika hatua yoyote. Haiharakishi kifo ikipimwa vizuri, na mgonjwa wa saratani anayeitumia kwa maumivu ni nadra kuwa mraibu. Mwili wake utaizoea, ndiyo, kwa hiyo isikatwe ghafla. Kuzoea na uraibu ni vitu viwili. Kwa mgongo wa kudumu na maumivu ya kichwa haifai. Hospisi ziko Kisumu, Nakuru na Eldoret, na hospitali nyingi za rufaa za kaunti zina kitengo cha tiba shufaa, yaani ya kupunguza mateso ya mgonjwa. Uliza ulipo, maana wengi hufika huko wakiwa wamechelewa miezi.

18. Tumepewa chupa ya mofini ya maji. Tuitumieje bila kukosea?

Kwanza soma nguvu yake. Ikiandikwa 5 mg katika 5 ml, kipimo cha miligramu 5 ni mililita 5. Ikiandikwa 50 mg katika 5 ml, miligramu zile zile 5 ni nusu mililita. Ukichanganya chupa hizi mbili unampa mgonjwa mara 10. Kila chupa mpya, soma upya, hata kama inafanana na ya zamani.

Kipimo cha kuanzia huwa miligramu 5 kila saa 4, au 2.5 kwa mzee na aliyedhoofika. Saa nzuri za kukumbuka ni 12 asubuhi, 4, 8 mchana, 12 jioni, na 4 usiku kipimo mara mbili ili asiamshwe saa 8. Maumivu yakimvamia katikati, mpe kipimo kimoja cha ziada na uandike kwenye daftari. Daftari hilo ndilo daktari atakalotumia kuongeza.

Dawa ya kulainisha choo ianze siku hiyo hiyo. Kichefuchefu na usingizi hupungua baada ya siku chache. Choo kigumu hakipungui kamwe. Ukimtikisa haamki, pumzi ni chini ya 8 kwa dakika, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, usimpe tena, mpeleke hospitali mbio. Figo zikishindwa mofini hujikusanya, kwa hiyo anayekojoa kidogo ghafla arudi kuonwa. Ifungie mbali na watoto. Ikibaki baada ya mgonjwa kufariki, rudisha pale mlipopewa.

19. Tramadoli je?

Iko katikati ya parasetamoli na mofini, na inasumbua kuliko watu wanavyodhani. Usizidi miligramu 400 kwa siku. Huweza kuleta degedege, hasa kwa mwenye kifafa, na ikikutana na amitriptilini au fluoksetini hatari huongezeka. Isitumike kama dawa ya nguvu za kuendesha boda usiku.

## Utafiti na mambo ya pembeni

20. Kidonge kisicho na dawa kinatuliza. Basi maumivu ni ya kufikirika?

Hapana. Mwaka 1978 Jon Levine, Newton Gordon na Howard Fields waliwapa watu waliong'olewa meno naloksoni, dawa inayozuia mofini. Nafuu ya wale waliotulizwa na dawa bandia ilipungua. Maana yake ubongo ulikuwa umetoa mofini yake wenyewe. Ndiyo sababu pia dawa mpya lazima ishindanishwe na kidonge bandia, na hata upasuaji: mwaka 2002 huko Houston wagonjwa 180 wa goti waligawanywa, baadhi wakakatwa ngozi tu bila kuguswa ndani. Nafuu ya makundi yote ililingana.

21. Kuna dawa mpya inakuja?

Ipo moja yenye historia nzuri. Mwaka 2006 watafiti walieleza familia za Pakistan ambazo baadhi ya watu wake hawajawahi kusikia maumivu. Mlango mmoja wa sodiamu kwenye neva zao, Nav1.7, ulikuwa haufanyi kazi. Wakaanza kutafuta dawa za kufunga milango ya aina hiyo. Januari 2025 Marekani iliidhinisha suzetrijini, inayofunga mlango jirani uitwao Nav1.8, kwa maumivu ya ghafla. Haigusi ubongo, hivyo haitarajiwi kuleta uraibu. Kwenye majaribio haikuishinda haidrokodoni iliyochanganywa na parasetamoli, na kwa maumivu ya neva ya mguu yatokayo mgongoni matokeo yalikaribiana na ya kidonge bandia. Usiuze ng'ombe kuitafuta.

22. Unga wa dawa ya mifupa wa sokoni umenisaidia kuliko vyote. Kuna ubaya?

Unga unaoondoa maumivu ya viungo kwa siku 2 na kukuongezea hamu ya kula ushukiwe kuwa umetiwa steroidi au diklofenaki. Uso ukiviringika, sukari na presha zikipanda, sababu ndiyo hiyo. Kama umeutumia wiki kadhaa usikatize ghafla. Mwili huacha kutengeneza steroidi zake, na unaweza kuanguka. Nenda nao hospitalini, ukiwa na pakiti yake.

23. Nafunga Ramadhani na ninatumia dawa za maumivu.

Ibuprofeni imezwe baada ya futari na baada ya daku, kamwe si tumbo tupu. Amitriptilini ya usiku haina shida. Mofini ya kila saa 4 haipangiki hivyo. Kuna vidonge vya saa 12, na mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga. Mwenye sikoseli asishinde bila maji.

24. Nimeombwa kushiriki utafiti wa maumivu hospitalini. Nikubali?

Uliza mambo matano: kibali cha kamati ya maadili na cha NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi na teknolojia) viko wapi, nitapewa dawa gani, na kuna kundi la kidonge bandia, nikizidiwa maumivu nitapewa dawa ya akiba mara moja, nikidhurika nani anagharamia, na dawa ikifaa nitaendelea kuipata utafiti ukiisha. Utie sahihi baada ya kuelewa kwa lugha yako, iwe Kiswahili, Dholuo au Luhya, na ubaki na nakala. Unaweza kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu, na huduma yako ya kawaida haipaswi kupungua hata kidogo.